Waliosoma Ripley Under Ground: mbona Tom wa kitabu cha pili hanitishi kama wa kwanza?

Kurasa Nyingi

Wakuu, salaam. Naomba maoni ya waliosoma riwaya za Patricia Highsmith kuhusu Tom Ripley. Nitataja wanaouawa na wanaoponea, kwa hiyo ambaye hajasoma na hataki kuharibiwa utamu, aishie hapa.

Kitabu cha kwanza, The Talented Mr. Ripley cha mwaka 1955, kilinishika koo. Tom hana mbele wala nyuma. Anatumwa Italia kumshawishi kijana wa tajiri arudi nyumbani, akifika anayaona maisha ya Dickie Greenleaf na kuyatamani hadi anamuua kwa kasia ndani ya kiboti, kisha anavaa nguo zake, pete zake na jina lake. Kila mlango ulipobishwa nilijikuta nabana pumzi pamoja naye, muuaji yule yule niliyetoka kumshuhudia.

Sasa nimemaliza cha pili, Ripley Under Ground, kilichotoka mwaka 1970, miaka 15 baadaye. Tom ana jumba liitwalo Belle Ombre katika kijiji cha Ufaransa, si mbali na Fontainebleau. Ana mke, Heloise, binti wa tajiri. Ana Madame Annette wa kumpikia. Anajifunza lugha, anashughulika na bustani, anachagua mvinyo. Nilisoma kurasa nyingi za mwanzo nikimtafuta yule kijana aliyekuwa tayari kuua ili asirudi kwenye dhiki, nisimwone.

Halafu anamuua Murchison. Na hapa ndipo ninapokwama. Dickie alikuwa amemchoka Tom na kumdharau waziwazi. Freddie Miles, rafiki wa Dickie ambaye Tom alimuua pia, alikuwa na kiburi na alikuja kupekua. Lakini Murchison? Mzee mwenye adabu, mpenda michoro, amekuja kula na kulala kwa mwenyeji wake, na kosa lake ni kusema kweli kwamba mchoro alionunua ni wa kughushi, biashara ambayo Tom ana mkono ndani yake. Mimi bado nilitaka Tom asikamatwe! Nilipofunga kitabu nilijichukia kidogo.

Maswali yangu: je, nanyi mliona Tom amepoa? Mwandishi amefanyaje mpaka tuwe upande wake hata pale asipo na kisingizio chochote? Na je, niendelee na cha tatu?

Nuru ya Jioni

Dada Kurasa, mimi nakuunga mkono, tena sababu yangu ni nyingine kabisa. Sikuweza kuamini. Mchoraji Derwatt amekufa zamani Ugiriki, marafiki zake wanaficha kifo chake na kuuza michoro iliyochorwa na mwenzao, hapo sawa, naelewa. Lakini Tom kujibandika ndevu, kuketi mbele ya waandishi wa habari London akijifanya ndiye Derwatt, na mtu aliyemwona kwa ndevu hizo akakutana naye muda mfupi baadaye bila ndevu na asishtuke? Katika kitabu cha kwanza alijigeuza Dickie mbele ya watu wasiomjua Dickie. Hapo nilisadiki. Hapa naona mwandishi ameomba imani nyingi mno kutoka kwangu.

Na maiti ile! Inazikwa msituni nyuma ya nyumba, inafukuliwa, inabebwa kwenye gari, inatupwa mtoni. Mtu mwenye akili za Tom angefanya hivyo kweli? Sikumaliza kwa furaha.

Mzee wa Riwaya

Nimekaa na vitabu hivi miaka mingi, na kwangu mimi cha pili kina uzito kuliko cha kwanza. Naomba nieleze kwa urefu.

Kwanza, Tom hajapoa. Kilichobadilika ni anachokilinda. Katika kitabu cha kwanza analinda nafasi ya kuwa mtu mwingine. Katika cha pili analinda nyumba, ndoa na jina ambavyo vyote vimejengwa juu ya uongo ule ule. Mwenye shibe iliyoibwa ana hofu yake, na hofu hiyo haipigi kelele. Angalia anavyomsikiliza Madame Annette akitembea jikoni wakati kuna jambo stoo ya chini. Angalia anavyohangaika na doa la mvinyo sakafuni baada ya kumpiga Murchison kwa chupa. Mtu amekufa, na akili ya Tom iko kwenye doa: litasuguliwaje, nani ataliona, atasema limetokana na nini. Mimi hapo ndipo ninapotishika. Hasira sikuiona, wala pupa. Ni kazi za nyumbani tu zimeongezeka.

Pili, Murchison. Dada, rudi usome mazungumzo yao kabla ya pigo lile. Hoja nzima ya mzee yule inasimama juu ya rangi moja, zambarau. Anashikilia kwamba Derwatt aliwahi kutumia zambarau safi ya kobalti, kisha akaiacha na kuanza kuchanganya buluu na nyekundu mwenyewe. Mchoro wake, ambao ni wa miaka ya baadaye, una ile zambarau ya zamani. Kwa hiyo mchoraji si yeye, maana mtu akishaiacha rangi kwa sababu ya msingi hairudii. Ni uchunguzi wa kipelelezi hasa, ila anayeufanya ni mnunuzi aliyekaa mbele ya mchoro wake akaupenda na kuutazama vizuri. Kumbuka kwamba ulaghai wa namna hii si ndoto: Mholanzi Han van Meegeren alighushi michoro ya Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17, mmoja ukafika hadi kwa Göring, kigogo wa Kinazi wa Ujerumani, na mwaka 1947 alihukumiwa.

Tom anamsihi. Hamwombei Derwatt wala fedha, anamwombea Bernard Tufts, yule anayechora kwa siri na ambaye atavunjika akifichuliwa. Murchison anakataa. Na ana haki kukataa! Ila sisi wasomaji tumeshaonyeshwa Bernard alivyo, tumeona anavyoteseka, na kwa dakika ile ukweli unaonekana kama ukatili na uongo kama huruma. Hivyo ndivyo Highsmith anavyotuteka. Hatuambii Tom ni mwema hata mara moja. Anatunyima tu nafasi ya kusimama penginepo, maana hakuna ukurasa ambao hatuko ndani ya kichwa chake.

Tatu, na hili kwangu ndilo moyo wa kitabu: Bernard. Tom ana michoro miwili ya Derwatt sebuleni. Mmoja ni halali, mwingine ni wa Bernard, na anaoupenda zaidi ni ule wa Bernard. Tom haoni tatizo. Kwake kitu cha kughushi kikifanywa vizuri kina thamani yake, na yeye mwenyewe ni mtu wa namna hiyo. Bernard haoni hivyo. Amemuiga rafiki yake marehemu hadi hana mkono wake mwenyewe, na kila mchoro unaouzwa anauhesabu kama kumsaliti. Watu wawili wamefanya kosa moja, mmoja analala usingizi, mwingine linamla. Anapompiga Tom kwa beleshi na kumfukia kwenye shimo lile lile lililobaki wazi msituni, mimi sikushangaa hata kidogo. Kilichonishangaza ni Tom kutoka kaburini bila kinyongo. Anamwelewa. Anamfuata hadi Salzburg, Austria, na huko anayoyafanya na mwili wa yule bwana baada ya kifo chake... hapo nilikiweka kitabu chini, nikaenda kukaa nje.

Ndugu Nuru, kuhusu ndevu sikubishii sana. Maiti nayo inasafiri kupita kiasi, nakubali. Lakini Tom huyu tangu mwanzo hapangi. Watu husema ni mwerevu, nami naona ni mbahatishaji mwenye ulimi mzuri. Hata yule Freddie alimpiga kwa chombo cha majivu ya sigara kilichokuwa karibu na mkono wake. Anaua kwanza, mpango unafuata.

Kitabu Mkononi

Mbona hakuna anayemtaja Heloise? Mimi ndiye aliyenitisha kuliko wote. Anajua kiasi cha kutosha, anauliza maswali machache, kisha anachagua kutojua zaidi. Tom ni mwovu, sawa, tulishazoea. Ila bila mke anayeinamisha macho, mtumishi anayependa utaratibu na majirani wanaofurahia kualikwa, Belle Ombre isingesimama wiki moja.

Kuhusu cha tatu: Ripley's Game cha 1974, kisome. Mtengeneza fremu mgonjwa, Jonathan Trevanny, anamjibu Tom kwa dharau kwenye tafrija, sentensi moja tu, na Tom anapanda mbegu ya uvumi. Sisemi zaidi. Ukisoma kile, kisha ukirudi kwenye hiki cha pili, utaona kwa nini ilibidi kwanza apewe nyumba na heshima.

Kurasa Nyingi

Asanteni sana, hasa Mzee wa Riwaya. Nimerudi kusoma tena ile sura ya stoo usiku huu, polepole. Hoja ya zambarau nilikuwa nimeipita haraka nikidhani ni maneno ya kujaza ukurasa, kumbe ndiyo inayomuua mzee wa watu.

Ila sikubali moja kwa moja kwamba Tom alimuua kwa ajili ya Bernard. Anamtumia Bernard kama hoja, ndiyo, na pengine anamwonea huruma kweli. Lakini Murchison angerudi London na kusema, polisi wangeanza kumchimba Tom, na wangemchimba mpaka kwa Dickie. Hilo Tom analijua kabla hajashika chupa. Mimi naona huruma yake ni ya kweli na imekuja wakati unaomfaa, na nadhani ndiyo maana nilijichukia: nami niliipokea huruma ile kama kisingizio, nikaacha kumuuliza Tom maswali.

Heloise namrudia wikendi. Kitabu Mkononi, kwenye cha tatu naye anaendelea kunyamaza, au kuna mahali anachoka?

Kitabu Mkononi

Hilo sikwambii, nisikuharibie utamu. Soma, tuonane kwenye uzi wa Ripley's Game.