Maji ya kisima: sofna, RO au nichemshe tu?

kisima_dom
Wakuu habari za muda huu. Nimechimba kisima nyumbani huku Dodoma, maji yapo ya kutosha ila sabuni haitoi povu, unasugua mpaka mche unaisha, birika lina ukoko mweupe kama chokaa na shawa ya umeme hii ya pili inaungua ndani ya mwaka. Fundi mmoja kasema sofna (mashine ya kulainisha maji), mwingine RO (mashine inayosukuma maji kwenye utando wa kuchuja hadi chumvi), shemeji anasema chemsha tu. Mwenye uzoefu anijuze kabla sijatupa hela.

fundi_bomba
Mkuu sofna ni mtungi umejaa vishanga vya rezini (aina ya plastiki), na vishanga vimebeba sodiamu. Maji yakipita, kalsiamu na magnesiamu (hizo ndo zinakula sabuni yako) zinanasa kwenye kishanga na sodiamu inaachia nafasi inatoka na maji. Vikijaa, mashine inavisuuza kwa maji ya chumvi kali, sodiamu inarudi, kalsiamu inaenda mtaroni. Ukisahau kuijazia chumvi hiyo ni pambo tu.

mama_K
Subirini kwanza, maji yake ni magumu (hayo yenye kalsiamu na magnesiamu) au yana chumvi?? Sisi yote tunaita maji ya chumvi na hapo ndo tunapopigwa. Mimi niko Kigamboni, niliuziwa sofna, povu likaja kweli ila chai ikabaki na ladha ya bahari vilevile. Sofna haitoi chumvi jamani, tena inaongeza sodiamu, mwenye presha amuulize daktari wake kwanza. Nikaishia kununua RO ndogo ya jikoni, ya kunywa na kupikia tu maana inamwaga maji mengi kuliko inayokupa.

chuga_boy
Na wa Arusha msidanganywe, floraidi (ile inayotia meno rangi ya kahawia) sofna haiigusi.

mzee_wa_gata
Shemeji yako hajakosea sana, kuchemsha kunatoa ugumu ule unaoganda birikani, ila kuna mwingine hautoki hata uchemshe mpaka kesho, na nani atachemsha maji ya kufulia mashuka? Mimi nakinga mvua kwenye tenki, nafulia hayo. Birika naloweka siki usiku.

kisima_dom
Mrejesho. Nimechukua chupa mbili, moja maji ya kisima, nyingine ya mvua kwa jirani, nikakwangulia sabuni sawa sawa nikatikisa. Ya mvua povu mpaka kwenye kizibo, ya kisima ni utando unaelea kama maziwa yaliyokatika. Nimeonja pia, chumvi hamna kabisa. Kwa hiyo naenda na sofna, ila bomba la bustani na la maji ya kunywa nitayachepusha yasipite humo. Fundi, watu sita mtungi wa saizi gani?

fundi_bomba
Siwezi kukadiria kwa macho mkuu, peleka sampuli maabara wapime ugumu. Waambie wapime na chuma, maji yenye chuma yanaua rezini mapema ukaanza kunitafuta mimi.