Mrejesho: ile laptop ya i5 na Windows 11
Wakuu nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama laptop yangu yenye prosesa ya Intel i5 kizazi cha 4, ramu GB 4, itabeba Windows 11, maana sapoti ya Windows 10 iliisha Oktoba 2025. Haibebi, ramu inatosha ila Microsoft wanataka prosesa za Intel ziwe kuanzia kizazi cha 8 halafu TPM (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) iwe 2.0, nilivyobonyeza Windows na R nikaandika tpm.msc ikaja 1.2. Basi fundi mmoja hapa Mwanjelwa akaniwekea Linux Mint (mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows) kwenye flashi tukaijaribu kwanza bila kufuta kitu, waifai ikashika, sauti ipo, ndo tukainstoo. Mdogo wangu anaitumia kwa kazi za chuo na kwa kweli nimefurahi sana, asanteni mno.