Mrejesho: ile kampeni yetu ya maji safi huku Arumeru, Arusha

Wakuu habari zenu, mwezi uliopita niliuliza sisi wanachuo tusio na hela tunaweza kusaidiaje kampeni ya maji safi, wengi mkasema kabla ya kuchangisha tukawasikilize watu kwanza. Aisee mlikuwa sahihi. Sisi tulishaprinti mabango ya "chemsheni maji", kumbe huku shida kubwa ni floridi (madini ya asili yaliyomo kwenye maji), ndo maana meno ya watu wengi yana rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuitoi, maji yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea. Mama mmoja akatucheka, "wanangu, hayo ya kuchemsha tunayajua toka zamani".

Basi mabango kando, tukagawana kazi, wengine wakapeleka sampuli maabara (mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, ni floridi isizidi 1.5 mg kwa lita), wengine tukajifunza kutengeneza chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unanasa floridi ila ukichoka lazima ubadilishwe, na hapo ndo michango itakapoenda. Kuosha magari kumetuletea vihela, ila tuseme ukweli nusu imeliwa na nauli. Jumamosi tunafunga chujio la kwanza shule ya msingi.