Mjadala: Bodi ya Lamborghini juu ya Mark II, liruhusiwe barabarani Mwanza?

Wakuu wa Mwanza na wote mlio kandokando ya ziwa, habari za kazi. Kuna jambo tunalibishania vijiweni kwa ushabiki tu, naomba hapa tulijadili kwa uzito wake. Gari lililovalishwa bodi ya kuiga ya Lamborghini au Ferrari, huku chini ni Toyota ya kawaida, liruhusiwe kutembea barabara ya Nyerere na ya Makongoro pamoja na magari mengine? Au liishie kwenye maonyesho na video za muziki?

Wapo wanaotaka lipigwe marufuku kabisa, wakisema ni feki na ni hatari. Wapo wanaosema vijana waachwe wabuni, serikali isiwaingilie. Mimi nasema liruhusiwe, kwa sharti moja kubwa: likaguliwe likiwa uchi, kabla bodi haijafungwa. Likishapigwa puti na rangi, mkaguzi hana tena anachokiona.

Sababu yangu inaanzia chini ya gari. Wengi tukisikia "chasisi" tunafikiria ile ya Hilux, Hardtop au Fuso: mihimili miwili mirefu ya chuma, na bodi imekaa juu yake kwa boliti. Hiyo ukiivua bodi, gari bado linatembea. Lakini magari tunayoendesha wengi, yaani Mark II, Altezza, IST, Corolla, hayana mihimili hiyo. Bodi ndiyo chasisi. Sakafu, nguzo za milango, paa na ukuta wa injini vimechomelewa pamoja, na kila kimoja kinabeba sehemu ya mzigo. Ukikata paa la Mark II ili upate ule mlalo wa Lamborghini, umeondoa kitu kilichokuwa kinashikilia gari lisijikunje. Baada ya muda sakafu inanepa, milango inagoma kufunga, na kila tuta linaongeza nyufa kwenye maungio. Ili kufidia, fundi lazima ajenge fremu mpya ya mabomba ya chuma ndani, na usalama wote unabaki kwenye maungio ya fremu hiyo. Maungio hayo ndiyo yanayofunikwa na bodi. Abiria hayaoni, trafiki hayaoni, na mnunuzi wa pili hayaoni.

Angalieni na vipimo. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma kwenye Lamborghini Aventador ni milimita 2,700. Mark II ya GX110 ni 2,730. Hapo ndipo watu wanapoingia tamaa, wanaona zinaelekeana. Lakini upana wa Aventador ni 2,030 na wa Mark II ni 1,760. Kimo cha Aventador ni 1,136 wakati Mark II ni 1,460. Kwa hiyo una upungufu wa upana wa zaidi ya sentimita 13 kila upande, na tairi zitaonekana zimezama ndani ya bodi. Njia ya mkato ni kuweka spesa, lile bamba linalosukuma tairi nje. Kadiri tairi linavyotoka nje ndivyo beringi, stadi za tairi na boljointi zinavyobeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Njia sahihi ni kubadilisha mikono ya chini na ekseli. Ni ghali, na ndiyo maana wengi wanaikwepa.

Injini ni kasheshe nyingine. Mark II ina injini ya silinda sita iliyonyooka mbele, gari linaloigwa lina injini nyuma ya dereva. Ili boneti iwe fupi na ya chini, dereva anasogezwa, stelingi inaunganishwa upya, pedali na paipu za breki zinahama. Kila hapo ni mahali pa kufa mtu kama kazi imefanywa kwa kukisia.

Waliotutangulia kwenye kazi hii walilijua hilo mapema. Marekani walipenda kutumia Pontiac Fiero, gari la matoleo ya 1984 hadi 1988, kwa sababu injini ilikuwa katikati, na fremu yake ya chuma ilikuwa imekamilika yenyewe. Bodi ya plastiki ilifungwa tu juu yake. Uingereza wengi walichukua Toyota MR2 kutengeneza Ferrari F355 ya kuiga, maana injini iko katikati na umbali wa tairi ni milimita 2,400 dhidi ya 2,450. Walianza na gari linalofanana kimaumbile na lile wanaloliiga. Sisi tunaanza na gari tulilonalo uani.

Kwenye bodi yenyewe, hapa ziwani hatuanzi sifuri. Boti za faiba zinaundwa na kukarabatiwa pwani hii. Fundi anayejua kutengeneza kalibu, kuipaka nta, kulaza mkeka wa faiba, kuchanganya rezini na hadina (dawa ya kuigandisha) kwa kiasi, na kutoa mapovu kwa rola, ana sehemu kubwa ya ujuzi wa kutoa bodi ya gari. Nalisema kwa fahari kabisa. Ila boti ya faiba imewekewa mbavu na yenyewe ndiyo inayobeba. Bodi ya gari la kuiga mara nyingi ni ganda. Halikulindi ukigongwa ubavuni. Tena rezini ya poliesta inawaka moto. Injini ikiwa nyuma ya kiti, eksozi ikapita karibu na ganda lisilo na matundu ya hewa ya kutosha, watu waliomo ndani wako hatarini hata kama gari linatembea taratibu.

Sasa karatasi. Namba ya chasisi ya Mark II imegongwa kwenye ukuta wa injini. Fundi akikata ukuta huo, namba imeondoka, na gari lisilo na namba ya chasisi halina tofauti na la wizi mbele ya polisi. Kadi ya gari ya TRA (mamlaka ya mapato) inataja aina ya gari na bodi, rangi, namba ya injini na ya chasisi. Ukibaki na kadi ya saluni nyeupe huku unaendesha kitu cha milango miwili rangi ya chungwa, bima nayo inayumba, kwa sababu bima inasimama juu ya ukweli uliowaambia. Ulichokatia ni kingine, kilichogonga ni kingine.

Uingereza hadi 2025 walikuwa na utaratibu wa alama ambao naupenda. Ili gari lililojengwa upya libaki na usajili wake wa zamani, lilihitaji alama 8. Chasisi au bodi-chasisi ambayo haijakatwa ilipewa 5, suspensheni 2, ekseli 2, giaboksi 2, stelingi 2, injini 1. Ukikata chasisi ulipoteza zile 5 pamoja na usajili wa zamani, na gari lilikwenda kwenye ukaguzi wa gari moja moja: breki, taa, mahali mikanda ilipofungwa, vioo, hata kona za nje zisiwe kali za kumkata mtembea kwa miguu. Hawakusema marufuku. Walitaka kujua nini kilichobaki cha gari la kwanza.

Na nembo msibandike. Ferrari ilimshitaki Carl Roberts huko Marekani kwa kutengeneza bodi za faiba zinazofanana na magari yake ya Daytona na Testarossa, na mahakama ya rufaa mwaka 1991 ikaipa Ferrari ushindi. Roberts alijitetea kwamba wateja wake walijua wananunua nakala. Mahakama ikasema anayechanganywa ni yule anayeliona barabarani. Mwaka 2019 polisi wa Itajaí, Brazil, walivamia karakana ya baba na mwanawe waliokuwa wakiunda Ferrari na Lamborghini za kuiga. Kijana wa Mabatini mwenye kipaji namshauri achore umbo lake mwenyewe. Kwanza litatosha vizuri zaidi kwenye gari alilonalo.

Mapendekezo yangu ni haya: polisi wa usalama barabarani na walimu wa VETA (vyuo vya ufundi stadi) wakague fremu kabla ya kuvalishwa, picha za maungio zibaki kwenye faili la gari, TRA ibadilishe kadi. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, mwenye magari ya harusi, Kirumba

Kaka yangu, umeandika vizuri lakini unatuua kibiashara. Maharusi hawatafuti spidi. Wanataka kutoka kanisani Bugando, wapige picha Capri Point, waingie ukumbini. Gari linakwenda mwendo wa msafara na tarumbeta mbele. Kwa safari kama hiyo kweli unataka fremu ipigwe picha na faili lifunguliwe? Mbona mabasi ya mikoani kwa miaka mingi yaliundwa bodi hapahapa nchini juu ya chasisi za lori, tukapanda wote?

Mwanzisha mada

Dada, hoja ya mabasi ni nzito na naiheshimu. Lakini chasisi ya lori ni ile ya mihimili, inasimama yenyewe; mwenye karakana hakuikata, alijenga juu yake. Hata hivyo bodi zake zilikuwa na matatizo yake, lori limetengenezwa kubeba mzigo uliotulia, na watu wanakaa juu zaidi. Kuhusu harusi, wewe ndiye hasa ninayekufikiria. Ukikodisha, hilo ni gari la biashara, linatakiwa namba nyeupe, na aliyemo ndani ni mtoto wa mtu ambaye hajui kilicho chini ya kiti. Mwendo mdogo haukusaidii breki ikikatika kwenye mteremko wa Bugando msafara ukiwa mbele yako.

Mchangiaji, askari mstaafu wa trafiki

Vijana, nimewasoma. Mimi nasema lisiruhusiwe, na sababu yangu ni moja. Mnazungumza habari za mkaguzi kana kwamba yupo amekaa anawasubiri. Aliye barabarani anaangalia taa, tairi, breki, stika, leseni, bima. Hakufundishwa kusoma uchomeleaji wa fremu iliyobuniwa na mtu mmoja gereji. Mkimpa karatasi atagonga muhuri, na muhuri huo utakuwa kinga ya aliyefanya kazi mbovu. Sheria iliyopo inamruhusu askari kuondoa barabarani gari bovu. Inatosha.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kuhusu muhuri, ndiyo maana nimetaja VETA. Kule kuna walimu wanaofundisha uchomeleaji na umakanika kila siku, wakiangalia ungio wanajua kama chuma kimeshikana au kimepakwa juujuu. Muhuri wao uwe na jina la mtu, na picha ziwepo. Nisipokubaliana nawe ni hapa: sheria ya kuondoa gari bovu inafanya kazi ubovu ukionekana. Huu hauonekani. Na tukipiga marufuku, kazi zitaendelea kufanyika uani usiku, magari yatatoka na kadi za Mark II kama kawaida.

Mchangiaji, fundi bodi, Nyakato

Mkuu, mimi ndiye ninayeshika mashine. Ukaguzi wa gari likiwa uchi nauafiki kwa mikono miwili, kwa sababu unanilinda na mimi. Mteja akija na gari kapunguza fremu ili aokoe hela, nina karatasi ya kumwonyesha tulichokubaliana. Lakini ukaguzi mmoja hautoshi. Gari likishavalishwa uzito unabadilika. Faiba nyepesi, ila fremu ya mabomba, tabaka za ziada na tairi pana zinakula wepesi wote huo. Springi za zamani zinakaa chini, taa zinaelekea kwingine, breki za zamani zinasimamisha mzigo mwingine. Dereva haoni nyuma kabisa. Hayo yanapimika bodi ikiwa juu, gari likiwa kwenye mizani na likikimbizwa.

Halafu kuna suala la muda. Gereji yangu ni ndogo. Gari likisimama uchi wiki sita likisubiri mkaguzi, nafasi imekufa, mteja ameudhika, na mvua inakula chuma kilichokwishasuguliwa. Wekeni siku maalumu ya ukaguzi kila mwezi na ada inayojulikana, ibandikwe ukutani. Bila hivyo mafundi wataupita utaratibu wenu pembeni.

Mwanzisha mada

Fundi, hapo umeongeza lililokosekana. Basi ziwe hatua mbili: fremu kwanza, kisha gari zima kwenye mizani na kwenye breki. Siku ya kila mwezi naiunga mkono, na ada ilipwe mara moja kwa hatua zote mbili ili mtu asiikimbie ya pili.

Mzee wetu wa trafiki, naomba urudi kwenye hoja ya fundi. Kama fremu ina picha, mwalimu aliyeikagua ana jina, gari limepimwa uzito na breki, na kadi imebadilishwa, bado ungelizuia? Na dada wa Kirumba, ungekubali kulipa ada hiyo kwa gari moja kabla hujaliweka kwenye msafara, au ungerudi kwenye Toyota Crown ya kawaida?