Naomba ushauri: vipande 9, watu 3, wimbo kamili hata mmoja hakuna

Wakuu, tuko watatu, kila mtu kwake: mpiga gitaa, mwimbaji na prodyuza. Vipande vingi ni kiitikio cha baa 8 tu (baa ni kundi la mapigo, kipimo cha urefu wa muziki), hakuna beti.

Kutumiana mafaili si tatizo. Mapigo 96 kwa dakika, WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, 48 kHz, kila treki (rekodi ya ala au sauti moja) inatolewa kuanzia baa ya 1 hata kama sauti inaingia baa ya 17. MP3 hatutumii, huongeza kimya kidogo mwanzoni na gitaa linachelewa (ndogo, lakini sikio linaikamata).

Kinachokwama ni muundo. Anayepokea kipande huongeza ala badala ya sehemu mpya, mwisho ni baa 8 zilezile zenye treki 30, na mwimbaji hana pa kukaa.

Je, tufunge kwanza muundo, mfano utangulizi 4, ubeti 16, kiitikio 8, kwa gitaa na sauti pekee, ngoma zisiguswe? Nani awe na neno la mwisho? Na asilimia za umiliki wa utunzi, tofauti na za rekodi, tuandikishane kabla ya kuanza au wimbo ukiisha?