Mrejesho: paa la Ford Model T limekubali, magurudumu bado

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu kigari cha Ford Model T cha kuweka kando ya reli yangu ya mfano, kipimo 1:76 (yaani kidogo mara 76 kuliko gari halisi). Plastiki ya unene wa milimita 1 ilikuwa inapasuka kila nikikunja paa.

Uliyeniambia nifunge vipande viwili vya milimita 0.25 kwenye bomba, nimwagie maji ya moto kisha nivigundishe pamoja, ahsante sana! Paa limekaa. Ila gundi iwe kiduchu. La kwanza liliyeyuka katikati likabonyea.

Ekseli zimeachana milimita 33, sawasawa na inchi 100 za gari halisi.

Magurudumu ya waya yamenishinda. Spoki 12 kila moja, nikinyoosha hii ile inachomoka. Nimeweka ya kununua.