Caravan ya karatasi 1:33: kurefusha 208 iwe 208B, na pua inayopasuka

ChakeKadi

Assalaam aleikum wanajukwaa. Naunda ndege ya Cessna Caravan kwa karatasi, ukubwa wa 1:33, yaani ndogo mara 33 kuliko ya kweli. Faili nililonalo ni PDF ya kurasa 9, ila limechorwa 208 ile fupi. Mimi nataka 208B, yaani Grand Caravan, kama hizi zinazotua hapa Pemba. Naomba msaada kwa mambo haya.

Kwanza, nirefushe kwa kiasi gani na nikate wapi? Pili, nimechapisha kipande cha pua kwa printa ya leza kwenye manila ya gramu 200 kwa majaribio. Kila ninapokikunja kinatoa mistari myeupe na rangi inabanduka. Tatu, faili linataka mataruma (zile fremu za ndani zinazoshika umbo la bodi) ya kadi ya mm 1, na madukani hapa hakuna kadi inayouzwa kwa unene. Tena masika ndiyo hayo yanakaribia, sijui niendelee au nisubiri kusi.

Faili halina maelezo yoyote zaidi ya namba za vipande.

FundiManila

Wa aleikum salaam. Nianze na pua, maana tatizo hilo litakufuata mpaka mkiani.

Gramu 200 ni nzito kwa pua ya 1:33. Bodi na mabawa yafanye kwa gramu 160, na pua, yenye mikunjo ya pande mbili kwa pamoja, ishushe hadi gramu 120. Manila yako usiitupe, itafaa kwenye bapa za mkia.

Mistari myeupe ina sababu mbili. Wino wa leza ni unga unaoyeyushwa kwa moto ukaganda juu ya karatasi, hauzami ndani. Ukikunja, ganda hilo halina pa kwenda, linavunjika. Dawa yake ni kupulizia vanishi isiyong'aa kabla ya kukata chochote, mipulizo miwili au mitatu myepesi, kila mmoja ukauke kwanza. Usipulizie kwa wingi mara moja, karatasi itajikunja. Panapotakiwa kukunjwa, pitisha kalamu ya bolpeni iliyokwisha wino kando ya rula, ukandamize bila kukata. Ukitumia wembe kuchora mkunjo unaikata ile tabaka ya rangi na weupe utaonekana tu.

Sababu ya pili ni nyuzi za karatasi. Kila karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Inakunjika vizuri ukiizungusha kwa kuufuata, na inavunjika ukienda kinyume. Kata kipande cha mraba cha sm 5, kiweke alama upande mmoja ujue kilivyokaa kwenye karatasi, kisha kilowanishe uso mmoja. Kitajikunja chenyewe kiwe mfano wa bomba, na urefu wa bomba hilo ndio mwelekeo wa nyuzi. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake hufuata urefu. Sasa tazama kurasa zako: kila kipande cha bodi kiwe kimelala ili mhimili wa ndege uende na nyuzi. Mchoraji wa faili mara nyingi hupanga vipande ili vienee tu, hajali hilo. Kilicholala vibaya kizungushe digrii 90 kwenye programu ya kuchorea kabla ya kuchapisha. Inkscape ni ya bure na inafungua PDF.

Kuviringisha: weka kipande juu ya soli ya kandambili, uso wa rangi chini, upitishe kijiti cha mishkaki kwa kukandamiza, kidogo kidogo. Kwa zile petali za pua, yaani vipande vyembamba vinavyokutana nchani, tumia mgongo wa kijiko cha chai. Kipande kikiwa kimeshapinda chenyewe, gundi inabaki na kazi ya kushika tu. Kinachovutwa kwa nguvu ya gundi ipo siku kitafunguka.

Mkuku33

Kuhusu urefu, hesabu ni nyepesi. 208 ina mita 11.46, 208B mita 12.68. Tofauti ni mita 1.22, na kwa 1:33 hiyo ni sm 3.7. Ndege yako itatoka sm 38.4 kutoka pua hadi mkia badala ya sm 34.7. Mabawa ni yale yale, mita 15.88, yaani sm 48.1, kwa hiyo kurasa za mabawa usiziguse.

Penye kukatwa ndipo watu wanapoharibu. Wanachukua sm 3.7 zote, wanazipachika nyuma ya bawa, na ndege inatoka na mkia mrefu kupita kiasi. Tafuta picha ya 208B iliyopigwa ubavuni kutoka mbali, maana ya karibu inapotosha umbo. Ipime kwenye skrini kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mkia. Tuseme imetoka sm 20: basi kila sm 1 ya skrini ni sm 1.92 ya kwako. Halafu pima mambo matatu: pua hadi ukingo wa mbele wa bawa, ukingo wa nyuma wa bawa hadi mwanzo wa pezi la mkia, na nafasi kati ya madirisha. Linganisha na faili lako na utaona mwenyewe ni ngapi ziende mbele ya bawa na ngapi nyuma. Hesabu na madirisha pia, usiamini macho.

Kata pale tu ambapo bodi ina unene mmoja, yaani kwenye sehemu ya abiria. Ukikata palipoanza kuchongoka kuelekea mkiani, pete ya nyongeza haitakubali upande wowote. Tena usitengeneze pete peke yake ukaiunga, maana kila mshono unaonekana. Kwenye Inkscape tenganisha kipande, visogeze mbali vile viwili kwa kiasi ulichopata, jaza katikati rangi na mstari, uchapishe kama kipande kimoja. Mistari ya rangi ya pale kati imenyooka kwa hiyo inakubali.

Ongeza taruma. Ganda la gramu 160 likiachwa zaidi ya sm 4 bila taruma litabonyea ukilishika. Nakili lile lililo karibu, umbo halibadiliki hapo. Na lile sanduku la mizigo la tumboni, kama unaliweka, nalo ni refu zaidi kwenye 208B. Lipime kwa picha hiyo hiyo.

RulaYaChuma

Kabla ya yote, kwenye printa chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Mafaili mengi yamepangwa kwa karatasi ya Kimarekani ya mm 216 kwa 279. Ukiruhusu printa "itoshe ukurasa" wa A4, inapunguza hadi kama asilimia 97, na sm zako 38.4 zinakuwa 37.2. Mbaya zaidi ni kurasa za mataruma kuchapwa siku nyengine kwa mpangilio mwengine. Chora mstari wa sm 10 kwenye kila ukurasa, uupime kwa rula kabla ya kukata.

ChakeKadi

Shukran sana. Nimejaribu mraba wa sm 5: nyuzi zinafuata urefu, na vipande vya pua vyote vimelala kinyume. Vipi kadi ya mm 1 na gundi? Hapa ninayo gundi nyeupe ya mbao na supaglu.

BiChelewa

Kadi huna haja ya kununua. Chukua boksi la biskuti au la dawa ya meno, kata vipande 10, virundike, pima urefu wa rundo kwa rula, gawa kwa 10. Mengi yanatoka mm 0.4 hadi 0.5, ukigandisha mawili unapata mm 1 yako. Gandisha kwa gundi nyeupe iliyopakwa nyembamba sana, funika kwa plastiki, lalia vitabu usiku kucha. Ukiitoa mapema itakupinda mkononi.

Taruma lisibane ganda. Faili nyingi huchora taruma bila kuhesabu unene wa karatasi, na ukilazimisha, mbavu zinajitokeza kama za ng'ombe wa kiangazi. Zungusha ganda juu ya taruma bila gundi. Pengo la mm 1 kwenye mshono maana yake ni mm 0.16 tu kuzunguka pande zote, kwa hiyo ni kupitisha msasa namba 240 mara chache na kupima tena, wala si kukata kwa mkasi.

Gundi: hapa sikubaliani na wanaotumia supaglu kila mahali. Inazama kwenye karatasi na kuacha doa jeusi usoni, halitoki. Itumie kwenye ukingo wa taruma tu, iloweshe ukingo, ukikauka unakuwa mgumu na msasa hauutoi manyoya. Kwingine kote ni gundi nyeupe, kwa ncha ya chelewa, kidogo kiasi kwamba haitokezi ukibana. Mishono ya bodi iunge kwa utepe wa karatasi wa mm 6 kwa ndani, usipandishe ukingo juu ya ukingo. Na kabla ya kuunga chochote paka kingo zote nyeupe kwa penseli ya rangi inayolingana. Kazi hii ndogo ndiyo inayotofautisha ndege na boksi.

FundiManila

Kwa supaglu BiChelewa yuko sawa. Naongeza kuhusu masika: si lazima usubiri, ila karatasi huvimba kwa unyevu, na huvimba zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Ndiyo maana vipande vilivyochapwa wiki mbili mbali havikutani. Chapisha bodi nzima siku moja, pulizia vanishi siku hiyo hiyo pande zote mbili, na visivyotumika viweke kwenye ndoo ya mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kama ungetumia printa ya wino wa maji ningekwambia usubiri, wino ule unatambaa ukipata jasho la vidole.

Bawa lisikaushwe chini ya pangaboi. Upande wa juu unakauka kwanza na bawa linajipinda. Lilaze juu ya kioo bapa, lilemee vitabu, na ukingo wa nyuma uwe wa mwisho kugandishwa likiwa hapo hapo juu ya kioo. Ukishaugandisha, msokoto uliomo ndani hautoki tena.

Mkuku33

Kwenye bawa, Caravan ina mwinuko wa digrii 3. Boriti ya kadi ipite juu ya dari ya bodi ikiwa moja, ya mabawa yote mawili, iwe imekatwa na mwinuko huo. Nusu ya bawa ni sm 24, kwa hiyo ncha inakaa mm 12.5 juu ya shina. Weka kigingi cha urefu huo chini ya kila ncha wakati gundi inakauka. Bawa ni nene zaidi shinani, kama asilimia 17 ya upana wake, na ncha ni asilimia 12. Angalia mbavu za faili lako zisiwe na uwiano mmoja kuanzia shina hadi ncha.

Nguzo ya bawa ni moja kila upande. Kijiti cha mishkaki kilichopigwa msasa kikawa bapa, kisha kikavishwa karatasi, kinatosha. Usitie nguzo kabla mwinuko haujashika, itauvuta. Antena ni chelewa, hakuna kitu kilichonyooka zaidi kwa unene ule.

Propela ya panga tatu, kipenyo mita 2.69, kwako sm 8.15. Gandisha karatasi mbili za gramu 160 kwa kila panga na ulisokote gundi ikiwa bado mbichi.

BiChelewa

Na kabla hujafunga pua, tia chubwi za mshipi. Caravan inasimama kwa magurudumu matatu, na kwa vile umeongeza bodi nyuma, bila uzito itakaa kwa mkia. Weka kijiti mezani, laza ndege juu yake pale yatakapokuwa magurudumu makubwa, mkia ukiwa umeshapachikwa japo kwa utepe. Ongeza chubwi mbele ya taruma la kwanza mpaka pua ishuke yenyewe, kisha zidisha moja. Zigandishe kwa gundi nyeupe nyingi na uzizibe kwa kipande cha kadi, zikilegea ndani utazisikia zikigonga kila ukiinua ndege na hakuna tena pa kuingiza mkono.